Alama ya Tairi Kifuani kwa Babu

Mwezi uliopita tulimzika Bibi, na juzi fundi Gebhadi alikuja kumwaga zege juu ya kaburi lake, ubavuni kwa Babu. Baba mkubwa Otmari alinipa kazi ambayo ndugu zangu wote waliicheka: nisimame kando ya barabara na kitambaa chekundu, kila lori la makaa ya mawe likikaribia nipunge lipunguze mwendo, lisije likapanda kaburini tena. Nikasimama. Mwanafunzi wa kidato cha nne, mtahiniwa mtarajiwa, napunga kitenge kama refa aliyesahau kadi nyumbani. Madereva wengine walinipigia honi, mmoja alinirushia busu, na mmoja alifanya ishara ya msalaba alipoona kaburi bichi nyuma yangu. Sikucheka, na wanaonijua wanajua kwamba mimi kucheka ndiko kupumua kwangu. Nilikuwa nasikiliza mwiko wa fundi ukipita kwenye saruji mbichi, shwaa, shwaa, na kila uliponyamaza nilihisi kuna mtu mgongoni anangoja nigeuke. Jioni nikaona niandike mwenyewe habari za mwaka ule wa kidato cha pili, mwaka ambao nilisugua kaburi kuliko nilivyosugua masufuria, kabla Baba mkubwa hajaanza kuzisimulia. Yeye hukumbuka kila kitu isipokuwa kilichotokea.

Jueni kwanza kwamba mimi na Bibi tulikuwa wake wenza. Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, kwa utani, na utani huo hauna mapumziko. Tangu najifunza kutembea Bibi alikuwa ananiita mke mdogo, ananilaumu kwamba nimemnyang'anya mume, ananitishia kunirudisha kwetu, ilhali kwetu ndiko pale pale. Asubuhi nilikuwa napiga goti: "Shikamoo mke mkubwa." Naye: "Marahaba, mwizi wewe." Babu katikati yetu anakunywa uji kimya kama mtu mwenye matatizo ya kweli. Alipofariki, mwanzoni mwa mwaka ule, mimi ndiye niliyejilaza mlangoni jeneza lisitoke mpaka nimepewa kuku wangu. Mimi ndiye niliyevaa koti lake la mvua la kijani, nikatembea kama yeye, mguu wa kushoto ukichelewa kidogo, mpaka waombolezaji wakashika mbavu huku machozi yanawatoka. Hiyo ndiyo haki ya mjukuu, na haki hiyo huja na kazi zake. Kwa ukoo wetu mtoto hakai juu ya kaburi la baba yake, halikanyagi, halisugui. Mjukuu anaweza. Kwa hiyo siku lori lilipompitia Babu, macho yote ya ukoo yalinigeukia mimi.

Kaburi liko mahali pabaya, na mahali hapo alipachagua mwenyewe. Nyumba yetu ipo kwenye kona, pale barabara ya lami inapoanza kushuka kwenda ziwani, na ng'ambo yake ni mteremko wa mashimo ya ngolo tunayolimia mahindi na maharage. Babu alitaka alazwe pale anapoyaona magari. Hakuwahi kuwa na gari, hakuwahi hata kuwa na baiskeli yenye breki mbili, ila lifti alizipenda kama wengine wanavyopenda pombe. Alikuwa na uwezo wa kusimamisha lori la makaa linalotoka mgodini Ngaka, akashuka nalo mpaka Mbamba Bay bila shughuli yoyote kule, akalitazama ziwa kidogo, kisha akasimamisha jingine tupu la kumrudisha. Fundi Gebhadi alimwekea zege nene, juu yake akapiga niru ya saruji, laini mpaka unaona mawingu yakipita. Kisha siku moja ya jua kali, baada ya Pasaka, tukiwa jikoni, tukasikia mlio mrefu, kama mtu anaburuta meza nzito ya mninga sakafuni. Ukakatika. Ukafuata mngurumo wa lori likipanda tena barabarani na kwenda zake. Tulipotoka tulimkuta mbuzi wa jirani amesimama katikati ya lami anatafuna, bila shaka ndiye aliyekwepwa. Zege halikuwa na ufa hata mmoja, na fundi anajisifia jambo hilo mpaka leo. Lakini kifuani kwa Babu palikuwa na alama ya tairi, nyeusi, pana kama mkeka, meno yake yote wazi. Iliingilia miguuni, ikajipinda kidogo, ikatokea kichwani, upande wa ziwa.

Padre anayehudumia kigango chetu alisema hilo si tatizo, Mungu hasomi matairi, yeye atalibariki kaburi kama lilivyo. Wazee wa ukoo wakasema la. Marehemu aliyepitwa juu hajatulia, na kaburi halibarikiwi likiwa na alama ya kupitwa. Ukilibariki hivyo umeibariki na alama. Hapo ndipo utani ulipoishia. Kwetu mjane hapandi kitandani mpaka kaburi la mumewe limebarikiwa. Bibi alikuwa analala kwenye mkeka, juu ya sakafu ya saruji, kando ya kitanda chake mwenyewe kilichotandikwa shuka safi, na alikuwa ameanza kukohoa. Anayeijua Juni ya Umatengo anajua baridi yake inavyoingia kupitia sakafuni. Padre alikuwa anapita kwetu mwishoni mwa Juni, baada ya hapo mpaka mavuno yaishe. Siku ile tulikula pamoja ukoo mzima, sengu kama tunavyoiita, wanaume barazani na wanawake jikoni, sahani kubwa za ugali zikizunguka na mashauri yakizunguka nazo. Kati yetu na wao kuna ukuta wa matofali yenye matundu, kwa hiyo siri za wanaume wa nyumba yetu huwa zinafika jikoni zikiwa za moto. Nilimsikia Baba mkubwa akishusha sauti: "Mama asipotoka kwenye mkeka ule kabla baridi haijakomaa, mwakani tutakuwa na makaburi mawili." Mtu mmoja akamwambia ale, ugali unapoa. Mimi nilikuwa na tonge mkononi na sikujua nilipeleke wapi.

Basi nikasugua. Nilianza kwa ujinga wa kawaida, maji na sabuni ya unga na ufagio wa chelewa. Alama ikang'aa, ikawa nzuri zaidi. Nikachukua brashi ya chuma ya fundi. Niru ikaanza kuchubuka na weusi ukabaki. Nikaleta majivu na mchanga, kama mtu anayesugua sufuria ya msibani. Nikamwomba binamu yangu petroli kidogo kwenye bodaboda yake, na hiyo ilinipa furaha fupi: weusi ukalainika, ukatoka kwenye kitambaa, nikaruka juu ya Babu nikishangilia. Kumbe uliotoka ni nusu, nusu nyingine ilinywewa na zege. Kesho yake alama ilikuwa na kivuli pembeni, kama mtu aliyenenepa usiku mmoja. Hata hivyo kilichonitia baridi ni maji. Ukilimwagia kaburi maji, zege lote linakuwa jeusi na alama inazama, hakuna kitu, unaita watu waje waone. Wanakuja. Jua linakausha, na alama inarudi huku mnaitazama. Haiji yote kwa pamoja. Inaanza miguuni, jino moja, jino la pili, inapanda magotini, kifuani, taratibu, mpaka inatoka kichwani, kama kitu kizito kinachopita kwa mwendo wa kobe. Najua sababu: fundi aliinua kidogo upande wa miguu, kwa hiyo huko ndiko kunakotangulia kukauka. Nilijua hata siku ile. Nikwambieni tu, kujua hakukunizuia kushuka kaburini haraka na kusimama nyuma ya mama yangu.

Bibi alikuwa ananisikia kutoka kwenye mkeka wake, maana dirisha lake linatazama kaburini. Siku moja akaniita ndani. Chumba kile kilikuwa na harufu ya mafuta ya nazi na kahawa iliyokaangwa. Kitanda kimetandikwa kama cha mgeni, koti la kijani limening'inia kwenye msumari, na yeye yuko chini, mdogo kama mzigo uliosahaulika stendi.

"Mke mdogo, unasugua nini pale kila siku?"

"Namwogesha mumeo, wewe si umemshindwa."

"Mumeo hayupo pale."

Nikacheka, nikadhani ni zamu yake ya utani. "Yuko wapi? Kaenda kwa mke wa tatu?"

"Amepanda gari," alisema, kwa sauti ile ile ambayo angesema ameenda shambani. "Umri wote huo umekaa naye humjui? Gari likamfuate mpaka mlangoni kwake, aliache?"

"Bibi, halikumfuata. Liliteleza."

"Lilifunga breki. Tulisikia wote. Lori likifunga breki, yule anapanda." Akakohoa mpaka nikamshika mabega, akanitoa mikono. "Sasa wewe ukiifuta hiyo alama, atarudi kwa njia gani?"

 Nikabaki kati ya watu wawili wanaonipenda: Baba mkubwa anasema futa ili mama yake apone, na huyo mama yake, yaani Bibi, anasema usifute. Nilisugua Baba mkubwa akiwepo, nikajifanya nasugua akiondoka. Na nikaanza kulisikia jambo ambalo zamani sikulisikia. Malori tupu yanayorudi kutoka ziwani yakifika kwenye kona yetu hubadili gia, injini inaguna, kisha inapanda. Kila moja lilipoguna, Bibi alikuwa anainua uso kutoka mkekani, anasikiliza, anasema, "Si hilo," na kulala tena. Ukungu wa asubuhi ukiwa mzito huoni lori, unasikia mguno tu ukija, na sauti ndogo dirishani: "Si hilo." Shuleni nilikuwa maarufu kwa kuigiza sauti za walimu wote. Hiyo moja sikuijaribu.

Aliyeleta balaa kamili ni Mama Hilda, Mnyasa wa Mbamba Bay anayetuletea dagaa wa ziwani. Aliketi jikoni, akapima dagaa kwa kopo lake, akala nasi, akamsifia mama majani ya maboga, kisha akashusha sauti.

"Dada, msinielewe vibaya. Yule mzee wenu, mlimzika kweli?"

Mama akaweka kijiko chini. "Swali gani hilo, Mama Hilda?"

"Basi nimekosea. Ila pale ufukweni, wanapogeuzia malori, kuna mzee. Jua limewaka, watoto wanaogelea uchi, yeye kavaa koti la mvua la kijani. Anatazama malori tu. Nikasema huyu namjua, huyu ndiye aliyekuwa ananitania nikileta dagaa. Nikamwita. Akaninyooshea mkono hivi, kama mtu anayesema subiri, nakuja."

Niliondoka jikoni nikijifanya naenda kuchota maji, nikapita chumbani kwa Bibi. Koti lilikuwa msumarini. Nilishika mkono wa koti, mkavu, mtupu. Ningefurahi zaidi kama lisingekuwepo, kwa sababu sasa yalikuwa makoti mawili. Bibi alikuwa ananitazama kutoka chini. "Si nilikwambia," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikamwona anatabasamu, na tabasamu lile ningelirudisha kama ningejua pa kulirudisha.

Matundu ya ukuta hayaendi upande mmoja tu. Baba mkubwa naye alikuwa amesikia, akapata mpango, na mipango ya Baba mkubwa huanza na mtu mwingine kusafiri. Likizo ya Juni ilikuwa imefika; niende na Mama Hilda, nimwone huyo mzee, nimpige picha kwa simu, nimletee Bibi aone kwamba si Babu, aache ukaidi, nisugue kwa amani, padre aje abariki. "Na usiende kufanya vituko huko," akaongeza. Nikamwambia vituko vimeshatangulia, mimi navifuata tu. Mama alinifungia viazi kwenye mfuko, akaniambia nisikae karibu na maji.

Kutoka kwetu unashuka na baridi yako mwilini, unafika chini unaivua kama sweta. Ziwa lilikuwa limetulia, mawe makubwa ya ufukweni yamekaa kama ng'ombe waliolala, na watu wanaongea kwa sauti kubwa, kama kwamba huku chini hewa ni nyingi. Mama Hilda akanipeleka moja kwa moja pale malori yanapogeuzia. Ni uwanja wa zege, na sijawahi kuona kitu kama kile: alama za matairi juu ya alama za matairi, zimepindana, zimelaliana, nyeusi mpaka zinang'aa, hakuna sehemu iliyobaki na rangi yake. Mtu aliyehukumiwa kuusugua uwanja ule angezeeka pale na kuzikwa pale. Pembeni kulikuwa na boksi la mbao limepinduliwa, mahali pa kukaa mtu. Halikuwa na mtu. Mama mmoja wa chai alikuwa karibu na jiko lake la mkaa, tukanunua chai, Mama Hilda akamuuliza habari za mzee wa koti.

"Yule? Mmepishana naye. Ameondoka asubuhi hii hii, kapanda lori tupu. Kasema likizo imetosha, anarudi kwa wake zake."

"Wake!" Mama Hilda akacheka. "Na umri ule?"

"Wawili, shoga yangu. Mkubwa kasema anaumwa kifua, ndiyo maana anaharakisha. Mdogo bado anasoma." Akapiga makofi kwa kicheko. "Wazee wa milimani, jamani! Na kutembea kwenyewe vile." Akainuka, akashika kanga yake, akatembea hatua chache kuzunguka jiko, mguu wa kushoto ukichelewa kidogo. Alimwigiza vizuri kuliko mimi.

Mama Hilda hakucheka tena. Alinitazama, mimi nikatazama kikombe. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi na sikuisikia ladha yake. Nimejaribu tangu siku ile kulipanga jambo hili kama hesabu. Wazee wenye makoti ya mvua wako wengi. Wazee wenye mguu mbaya wako wengi. Kila mzee Tanzania nzima ana mjukuu anayemwita mke, na kila bibi anaumwa kifua Juni. Ukivichukua kimoja kimoja vyote vina maelezo. Tatizo ni kwamba havikunijia kimoja kimoja.

Mama Hilda alikuwa anamfahamu dereva mmoja anayerudi tupu, kijana mkimya, akatupandisha. Tulikaa watatu mbele, dereva, mimi, yeye, na mlangoni kukabaki nafasi, kwa sababu Mama Hilda, mwanamke mnene anayejitanua kila mahali, siku hiyo alijibana kwangu mpaka nikakosa hewa. Sikumuuliza kwa nini. Tulipokaribia nyumbani ukungu ulikuwa umeshuka kabisa, alasiri imekuwa kama magharibi. Lori likafika kwenye kona, likabadili gia, likaguna, likasimama. Na Bibi alikuwa nje. Bibi, ambaye kwa wiki nyingi alikuwa anatolewa chumbani kwa kushikwa mikono miwili, alikuwa amesimama peke yake kando ya barabara na blanketi begani.

"Hilo," alisema.

Alimtazama Mama Hilda akishuka, akanitazama mimi nikishuka, kisha akaendelea kuutazama mlango wa lori, macho yakishuka polepole kutoka kitini mpaka kwenye ngazi, kutoka kwenye ngazi mpaka chini. Dereva naye alikuwa hajauvuta mlango. Injini inanguruma, yeye kashika usukani, anangoja.

"Kaka, si ufunge mlango uende?" Mama Hilda akamwambia.

"Nilidhani abiria mko watatu," akasema, akafunga, akaondoka.

Bibi alinishika mkono, vidole vyake vya baridi kama bomba. "Mke mdogo, sasa sugua," alininong'oneza. "Ameshafika. Usimwachie njia ya kuondokea tena, sina kifua cha kumsubiri mara ya pili."

Sasa wote walikuwa wanataka kitu kimoja, na kitu chenyewe hakitaki. Nilisugua mpaka ngozi ya vidole ikatoka, nikasugua na padre anakaribia, na Bibi, baada ya kusimama kwenye ule ukungu, alirudi mkekani akiwa mbaya zaidi, kifua kinalia kama mlango. Hapo ndipo nilipoamua kufanya ninachokiweza, yaani ulaghai. Kama alama haionekani kaburi likiwa limelowa, basi kaburi lisikauke. Libarikiwe likiwa limelowa, wazee watazame, waseme safi, Bibi apande kitandani, mengine tutayajua mbele. Nikakoroga uji mzito wa majivu, magadi, sabuni ya unga na kile kipetroli kilichobaki, nikaupaka juu ya alama yote, ili nikiulizwa niwe na dawa ya kuonyesha. Juu yake nikatandaza gunia la katani la kahawa, nikalilowesha chapachapa, nikawa nalimwagia asubuhi na jioni. Baba mkubwa akanikuta.

"Gunia la nini?"

"Fundi kasema zege linyweshwe maji lipate nguvu."

"Zege la tangu mwanzo wa mwaka?"

"Baba mkubwa, hata wewe ni wa zamani na bado unakunywa."

Akaondoka akitikisa kichwa. Siku zilizofuata Bibi alizidiwa, tukampakiza kwenye bodaboda, mama akimshika nyuma, tukampeleka zahanati, akachomwa sindano, akapewa vidonge vikubwa kama vifungo vya koti. Nesi akasema jambo moja tu kwa ukali: huyu mama asilale chini tena. Mama akajibu ndiyo nesi, na wote tuliosimama pale tulijua kwamba Bibi angelala chini. Katika heka heka hizo hakuna aliyekumbuka gunia. Lilikaa juani na kwenye upepo mkavu mpaka likawa gumu kama mkate wa juzi. Asubuhi ya siku moja kabla ya ujio wa padre, Baba mkubwa alikuja na wazee na fundi Gebhadi kukagua, akalikuta, akakasirika, akalishika pembe moja na kulivuta. Likabanduka lote kwa mara moja, kwa sauti ile ya ukoko unaotoka kwenye sufuria.

Chini yake kaburi lilikuwa jeupe. Nililiona kwanza usoni kwa wazee, kisha nikatazama mwenyewe: zege tupu, kavu, limechubuka kidogo pale nilipotumia brashi, hakuna jino, hakuna kivuli. Baba mkubwa alikuwa bado ameshika gunia, akaligeuza, akaliachia likaanguka. Alama ilikuwa mle. Yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, meno yake kwa mpangilio wake, mpindo wake ule ule, imegeuka tu upande kama mtu kwenye kioo. Fundi Gebhadi akasema ni jivu, jivu hunyonya, gunia likikauka linavuta kila kitu juu. Alisema vizuri, na huku anasema alikuwa anarudi nyuma. Tulilizunguka lile gunia na hakuna aliyeinama. Mmoja akasema lichomwe. Mwingine akamuuliza, wewe utaichoma barabara ya mtu, unajua moshi utaelekea wapi?

Bibi alitoka ndani na blanketi lake. Hakumuuliza mtu. Alipiga magoti, akalikunja gunia mara kadhaa, ncha zote mbili za alama akiziingiza katikati, kama mtu anayefunga mzigo usimwagike, akalibeba kifuani.

"Mama, unalipeleka wapi hilo?" Baba mkubwa akauliza.

"Chini ya godoro. Barabara yake nitailalia mwenyewe."

Kesho yake padre akaja, akabariki, akasifia kaburi kwa usafi, tukala wali na nyama ya mbuzi, na sikuuliza ni mbuzi yupi. Mkeka ukatolewa nje. Jioni niliwaona mama na Baba mkubwa wamemshika Bibi huku na huku, akapanda kitandani kwake, akajilaza upande wa nje, kama alivyolala miaka yote, akajifunika mpaka kidevuni, akafunga macho. Kikohozi hakikuisha siku ile, lakini kililegea, na kwenye ubaridi wa Julai alikuwa anatembea. Alikaa nasi mpaka mwezi uliopita, ananiita mwizi kila asubuhi. Baba mkubwa husema sindano ya zahanati ndiyo iliyomwokoa. Nesi angesema ni godoro. Sibishani na yeyote kati yao, kwa sababu sijui, na kwa sababu wao hawakuingia chumbani asubuhi ile ya kwanza.

Nilitumwa kutandika. Bibi alikuwa ameamka kabla ya wote, peke yake, nikamsikia jikoni akimkosoa mama kwamba uji ni mwepesi, sauti yake imerudi na ubaya wake wote. Ukungu ulikuwa umejaa dirishani. Nikavuta shuka upande wa nje, upande wake, umeshapoa kabisa. Nikainama kuvuta upande wa ukutani, na kiganja changu kikakaa pale. Palikuwa na joto, joto zito la mahali mtu amelala usiku kucha na hajainuka muda mrefu. Nikafikiria paka. Kwetu hatufugi paka. Nikaurudisha mkono wangu polepole, kwa adabu, nikatoka kinyumenyume.

Bibi alikuwa anakoroga uji, hakugeuka.

"Mke mdogo, umeshatandika?"

"Nusu," nikasema.

"Nusu inatosha. Mwache alale."